Binti Aliyejikaza

Jumatatu saa tatu asubuhi, mama mmoja alifika kwenye ukumbi wa kamati ya bunge akisukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni kuna binti yake. Mlinzi aliuliza kama mzigo una chuma. Mama akasema si mzigo, ni mtu. Mlinzi akamgonga binti begani kwa kucha, akasikia mlio wa mbao kavu, akawapitisha.

Binti alikuwa fundi cherehani. Alipofiwa na mume alikosa usingizi, akaenda kwa mshauri nasaha mwenye leseni ndani ya fremu ukutani. Mshauri alimsikiliza dakika nne, jicho moja kwenye simu, kisha akamwambia, "Jikaze." Naye alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, hata dawa ya kikohozi aliimeza kwa saa. Basi akajikaza. Wiki ya kwanza shingo, ya pili mgongo, na mwezi ulipokwisha alikuwa amekaza mpaka kope. Kupumua, alipumua vizuri tu. Mama alimpangusa vumbi asubuhi na jioni, na alikuwa amechoka, tena sana.

Muswada uliokuwa mezani ulitaka kila mwenye leseni asomee tiba ya mazungumzo saa mia mbili, la sivyo anyang'anywe. Hadi siku hiyo sheria ilitaka cheti chochote na picha mbili za pasipoti, basi.

Mshauri naye aliitwa. Hakukana kitu. Alieleza kwa upole kwamba mteja alipewa ushauri na akautekeleza wote, jambo ambalo ni nadra. Wajumbe wakaandika. Mmoja akaomba binti asogezwe kidogo, maana alikuwa anaziba upepo wa feni.

Mama alipopewa nafasi alisema, "Waheshimiwa, sitaki mtu afungwe. Nataka mtu mmoja anayejua kuzungumza naye, alegee. Mimi nimejaribu, sijui hata nianzie wapi."

Wajumbe wakamshukuru, kwa heshima. Kisha muswada ukapita kwa makofi, na marekebisho madogo: masharti yawahusu watakaoomba leseni kuanzia sasa. Wenye nazo tayari wahesabiwe kuwa wameshasoma.

Mama akauliza, sasa binti ampeleke wapi. Karani akapekua daftari, akamweleza kwamba wilaya nzima mwenye leseni ni mmoja, huyuhuyu, na ana nafasi Alhamisi. Mama alihisi hasira ikimjia, halafu ikampita.

"Alhamisi ni sawa," akasema. "Ila isiwe asubuhi sana. Ni mzito kumtoa kitandani."