Bageli za Matanga ya Rivka

...na hizi nazo si bageli, ni maandazi yaliyotobolewa tu, Zelig alijisemea mbele ya kaunta ya mikate, akaibonyeza moja kwa kidole nayo ikabonyea ikabaki hivyo hivyo, haina uti, maji ya moto haijawahi kuyaonja maskini, imetupwa jokoni kavukavu kama mkate wowote, na bageli isiyochemshwa kwanza ni sawa na mtoto asiyefunzwa, ndivyo alivyokuwa akisema marehemu baba yake kule Brooklyn, unga umemfika viwikoni... "Sasa Bwana Zelig, unanunua au unapapasa tu?" Lorna muuzaji alimuuliza, koleo la mikate mkononi, "za zabibu zipo, za jibini na pilipili zipo, hizi nyingine zina matunda ya buluu," buluu, ee Mola wangu, bageli ya buluu matangani! "Za kawaida huna? Za ufuta?" "Ufuta tumeusahau tangu Jumanne," alijibu Lorna, na mji huu ulikuwa wa tatu tangu atoke makaburini, wa kwanza walimwonyesha zilizogandishwa, wa pili, kwenye kituo cha mafuta, ilikuwepo moja tu, ngumu, ungeweza kumpigilia farasi kwatoni kama kiatu, na nje upepo wa Nebraska ulikuwa ukivuma vilevile kana kwamba leo hakuzikwa mtu... Saa nne asubuhi walimzika Rivka, saa nne na nusu Avrom mumewe akasimama kando ya udongo mbichi, ukosi wa koti umechanwa kama desturi itakavyo, na Zelig akamshika bega akamwambia, "Chakula niachie mimi, Avrom," nani mwingine angesema, nyumba za Wayahudi ni mbili tu katika tambarare yote hii, yake na ya Avrom, wengine wote ni watu wema wa kanisani lakini hawajui kwamba aliyetoka kuzika hali chakula cha kwake, mlo wa kwanza huletwa na jirani, tena vitu vya mviringo, kwa kuwa msiba ni gurudumu, leo kwangu kesho kwako, basi mayai aliyachemsha jana, dengu zimo ndani ya gari, sufuria imeviringishwa taulo, zilibaki bageli, nazo aliapa ziwe za kweli, zenye ngozi inayong'aa, zinazomchosha mtu taya... "Mzee," alidakia Dwight, mfugaji aliyesimama nyuma yake kwenye foleni, kofia imemshuka machoni, "mkate ukishafika tumboni tundu halionekani, chukua twende!" na Lorna akacheka, "Mwache, Dwight, wewe ulichagua ng'ombe siku tatu," "Ng'ombe ana miguu, dada!" Zelig naye akatabasamu kwa adabu, ila moyoni hakukuwa na kicheko, kwa sababu moyoni ilikuwa Machi, na simu inalia, na Rivka yuko upande wa pili, sauti imekonda kama mwenyewe alivyokonda kwa saratani, "Zelig, kaka yangu, bageli ya nyumbani huna hata nusu? Hata kula sitakula, niinuse tu," naye akajibu bila kumeza mate, "Ningekuwa nayo, dada, ningekuletea kwa miguu," na zilikuwemo nne, Mungu anajua zilikuwemo nne kwenye friza, nyuma ya njegere, zimefungwa gazetini, dada yake wa tumbo moja alizituma kutoka Brooklyn, za ufuta, na alizila yeye, moja kila Jumapili, pazia limeshushwa asije mtu akachungulia, na kibaya zaidi alizibariki! alinawa mikono kama mcha Mungu, akamshukuru Yeye atoaye mkate katika ardhi, mdomo uleule uliotoka kumdanganya mgonjwa ukasema amina... si njaa, njaa angeiungama hata mbele ya watu, ilikuwa uchoyo, uchoyo wa mtu aliyekaa mbali na kwao miaka thelathini na moja hadi akadhani kwao ni kitu cha kufichwa nyuma ya njegere... na Rivka hakuuliza tena, angalau angeuliza mara ya pili, mara ya pili huenda... "Halafu huko kwa akina Avrom Tesler," Lorna alikuwa akisema, sauti imeshuka, "nilipita saa saba kumpelekea maua, mzee kakaa kwenye kigoda kifupi sebuleni, rangi yake sikuipenda, na ile sukari yake, nikamwambia kula basi hata biskuti zako hizo mezani, akatikisa kichwa, eti anangoja," saa saba, na sasa saa ya ukutani juu ya friza za nyama ilionyesha saa tisa na robo, "Anangoja nini?" Lorna alimuuliza, na Zelig alijua, maana Avrom wa miaka themanini na miwili hatagusa cha kwake hata aanguke, ameshika desturi kuliko wanaoifundisha, na jirani yake mmoja wa pekee anazunguka miji mitatu akibonyeza mikate, mara ya pili hii, ee Mola, mara ya pili nyumba ileile inakaa na njaa kwa ajili yangu, ya kwanza kwa kuficha, ya pili kwa kuchagua, nami nilikuwa nikijiita mwaminifu tangu asubuhi, kumbe sikuwa nikimtafutia Avrom chakula, nilikuwa nikitafuta cha kumhongea Rivka, na Rivka yuko chini ya udongo, hana pua ya kunusia tena, na kwa wafiwa mgeni hafungui mdomo mpaka mfiwa aseme, kwa hiyo hata kutua mzigo huu mlangoni siruhusiwi, nitakaa sakafuni nao, na akiniuliza nitamwambia, asiponiuliza nitakaa nao hivyo hivyo... "Mzee?" alisema Dwight, safari hii bila mzaha, na koleo la Lorna lilikuwa lingali hewani, wazi, "Bwana Zelig, umesikia? Nimesema anangoja nini?" "Ananingoja mimi," Zelig alisema, na kuhusu nyumba ile hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza kumtoka tangu Machi, "nifungie zozote, Lorna, zozote zile."