Swali la Pili

Msimu ulipoanza mwezi wa nne, timu ya besiboli ya Granville, mtaa wa Sydney, ilikuwa na warushaji watatu wa kuanzia mechi. Kila mmoja alianza Jumapili moja, akapumzika mbili. Wa tatu alikuwa Trésor, na ndiye aliyekuwa na mkono wa kutisha. Kocha Darren alimwahidi mbele ya wenzake kwamba akimaliza msimu vizuri atampeleka kwenye majaribio ya daraja la kwanza. Trésor, aliyebeba maboksi ghalani siku tano kwa wiki, alilala na ahadi hiyo na kuamka nayo.

Kufika mwezi wa sita warushaji wawili walikuwa wameondoka, mmoja kwa sababu ya goti, mwingine kwenda kufanya kazi mgodini. Akabaki Trésor peke yake, kila Jumapili, mitupo mia na zaidi. Bega likaanza kuuma.

Kabla ya kila mechi kocha alimpitia. "Mkono vipi, rafiki?"

"Mzuri, kocha."

Basi. Kocha alikuwa ameshampa kisogo.

Sasa, kwao Trésor, Butembo kule Kongo, swali la kwanza ni heshima tu. Unajibu nzuri hata kama nyumba yako imeungua jana. Kisha mtu anakuuliza tena, umelalaje, mwili unasemaje, na hapo ndipo unapotua mzigo wako. Kumrukia mkubwa na maumivu kwenye swali la kwanza ni kukosa adabu. Kwa hiyo Trésor alijibu kwa adabu, akasimama na glovu yake akingoja swali la pili. Miaka minne Sydney, na bado alingoja!

Nyumbani, mtaa wa Merrylands, mama yake, Kasoki, aliuliza inavyopaswa.

"Mukono iko namna gani?"

"Iko muzuri, mama."

"Na wewe mwenyewe, unasikia namna gani?"

"Bega inaniuma sana. Hata kulala inanishinda."

Mama akakamua kitambaa cha maji ya moto na chumvi, akamkanda. "Ulishaambia coach?"

"Hajaniuliza bado."

"Atakuuliza. Ni mutu mukubwa, hawezi kukosa kuuliza."

Alisema hivyo bila shaka hata kidogo, na Trésor akamwamini.

Jumapili ya kumi na moja tangu abaki peke yake ilikuwa nusu fainali. Awamu ya tano, kitu kikachanika ndani ya bega, mpira ukaanguka hatua mbili mbele yake. Akapiga magoti kwenye udongo. Kocha alikuja mbio, uso umemwiva.

"Kila wiki nilikuuliza," alisema, wachezaji wote wakisikia. "Kila wiki ukaniambia mzuri. Mimi ningefanya nini na mtu mwongo?"

Na kweli aliuliza. Hilo ndilo lililomuunguza Trésor kuliko bega lenyewe. Alitaka kumwambia, hukuuliza, ulinipita tu. Lakini Kiingereza cha kueleza jambo hilo hakikumjia, na kocha alikuwa ameshageuka kutafuta mtu wa kumalizia mechi.

Daktari alisema bega hilo halitarusha tena. Ghalani nako hawakuwa na kazi ya mtu asiyeweza kuinua kitu juu ya kichwa. Siku ya majaribio alishinda kitandani, akiwachukia wote, na zaidi akijichukia yeye mwenyewe na adabu zake.

Jioni mama akaingia na beseni lake.

"Mukono iko namna gani?"

"Iko muzuri, mama."

Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akachovya kitambaa. "Na wewe mwenyewe, unasikia namna gani?"

Lilikuwa swali lenyewe, lile alilolingoja Jumapili zote zile. Hasira ikampanda. Haikuwa ya mama, lakini mama ndiye aliyekuwa karibu.

"Nimesema iko muzuri."

Akageukia ukutani. Mama hakuinuka. Alikaa na kitambaa mkononi, akingoja, mpaka maji yakapoa.