Pini ya Tatu

Ukitaka kuujua ufundi wa Fundi, usimtazame mkononi, mtazame mdomoni. Pini zake za kushonea alizibana kwenye kona ya midomo, na zikiwa hapo aliweza kuongea, kugombeza, kujibu simu na hata kuonja chumvi, wala hakuna iliyowahi kumponyoka. Wateja walimuonya, akawacheka. Kushona alifundishwa na shangazi yake, na shangazi alibana pini hivyo hivyo mpaka uzee ukamng'oa meno.

Jioni hiyo alikuwa na sketi ya mwalimu wa jirani, iliyotakiwa asubuhi, na mtoto wa kulisha. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, maana siku za kazi nyumbani alionekana kwa nadra kama mwezi mwandamo. Kwa jioni kama hizo Fundi alikuwa na chakula chake: kuku na wali, kikaango kimoja, basi. Kuku anakaangwa kwanza mpaka ngozi ishike rangi, anawekwa kando. Kitunguu na kitunguu saumu vinaingia kwenye mafuta yale yale, karoti zinafuata, kisha mchele uliooshwa na maji ya moto. Kuku anarudishwa juu, mfuniko unawekwa, moto unapunguzwa, na mwanamke anarudi kwenye cherehani yake. Chombo cha kuosha ni kimoja. Anayesema huo ni uvivu na aje aishone yeye hiyo sketi.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa mumewe, wa miaka sita, ambaye mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Wote walimwita Chiriku, kwa kuwa alisema kutwa nzima bila kumeza mate.

Wali ulipokaribia kukauka Fundi aliinuka, pini tatu zikiwa mdomoni, akaenda kufunua. Mvuke ukampiga usoni. Akaonja kidogo kwa ncha ya kijiko, akaona umeiva, akamchotea Chiriku pamoja na kipande cha nyama, akakipuliza kisimuunguze. Chiriku akakimeza bila hata kutafuna.

"Mama Fundi," akasema, "huyu kuku angejua ni mtamu hivi, angejila mwenyewe!"

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Akafunika kikaango, akarudi kwenye sketi akiwa bado anacheka, akachomoa pini ya kwanza, akaichomeka kwenye pindo. Akachomoa ya pili. Akapeleka vidole kuchukua ya tatu, vikakuta mdomo mtupu.

Kicheko kikakatika. Akajipapasa kidevu, kola, kifua. Akachukua sumaku yake ya kuokotea pini, akaiburuza sakafuni kutoka kwenye cherehani mpaka jikoni. Ikaokota kipande cha sindano na msumari uliopinda. Akakiepua kikaango, akamwaga chakula chote kwenye sinia, akaifunga sumaku kwenye mfuko safi na kuipitisha juu ya wali, akirudia na kurudia. Kisha akamchambua kuku kwa mikono, kipande kwa kipande, moto ukimuunguza vidole. Pini haikuwemo.

Hapo ndipo alipokumbuka kile kijiko.

"Chiriku, tumbo linakuuma?"

"Hapana."

"Na koo?"

"Kidogo."

"Kidogo vipi?"

"Kidogo kama nikilifikiria. Mbona umemwaga chakula? Nina njaa."

Fundi aliogopa. Na katika hofu ile, tusimpambe, kuna sauti iliyomwambia anyamaze. Mtoto mzima, anaongea, ana njaa. Huenda pini imeanguka barazani, huenda itapita yenyewe bila mtu kujua. Maana kwenda hospitali ni kwenda kwa Mama Mdogo.

Mama Mdogo alikuwa mdogo wa marehemu mama yake Chiriku, na ndiye aliyepiga picha za eksirei kwenye hospitali ya karibu, zamu ya jioni. Siku Fundi alipoolewa, alimwambia shemeji yake mbele za watu, bila kupunguza sauti: "Siku mtoto wa dada yangu akipata hata mchubuko mikononi mwa huyu, namchukua." Hakuwa mtu wa kutania. Sasa Fundi ampelekee mtoto mwenye pini tumboni, tena pini iliyotoka mdomoni mwake mwenyewe? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Lakini mficha maradhi, kifo humfichua. Fundi alizima jiko, akamvalisha Chiriku viatu, wakatoka.

Hakupanda pikipiki kwa kuogopa mashimo ya barabara. Hakumbeba mgongoni kwa kuogopa kumbana tumbo. Walitembea, na Chiriku, ambaye tangu azaliwe hajawahi kwenda popote bila kurukaruka, akaanza kuruka vidimbwi.

"Usiruke!" Fundi akapiga kelele, watu wakageuka. "Tembea, mwanangu. Taratibu. Kama umebeba mayai."

"Mayai yako wapi?"

Fundi akazidi kupunguza mwendo. Kila hatua ya mtoto aliisikia ikimchoma yeye.

Daktari wa zamu aliwasikiliza, akawaelekeza chumba cha eksirei. Mlango ukafunguliwa na Mama Mdogo mwenyewe. Alimtazama mtoto kwanza, kisha Fundi.

"Ana nini?"

"Huenda amemeza pini."

"Pini ya nani?"

"Yangu. Ilikuwa mdomoni mwangu, nikawa napika, nikamlisha." Fundi alisema yote kwa pumzi moja, asije akapata nafasi ya kusema uongo. "Sikuiona ikianguka. Ni mimi, dada. Ni kosa langu."

Mama Mdogo alimshika Chiriku mkono, akaingia naye ndani, akafunga mlango.

Fundi alibaki kwenye benchi. Alitaka kusali, maneno yakamkimbia. Aliwaza mumewe huko barabarani, hajui lolote. Aliwaza nyumba isiyo na yale maswali ya kutwa nzima, na hofu ikampanda tena. Amchukue, aliwaza. Amchukue kabisa, mradi awe mzima.

Mlango ukafunguliwa. "Ingia."

Picha ilikuwa inawaka kwenye kioo, mbavu ndogo kama za ndege. "Shingo, kifua, tumbo," Mama Mdogo alisema. "Mbele na ubavuni. Hana kitu."

"Tazama tena."

"Nimeshatazama. Daktari naye ametazama."

"Dada, nakuomba, tazama tena. Kama haimo humo, iko wapi?"

Mama Mdogo alimkazia macho. Kisha uso ukambadilika.

"Umesema ilikuwa mdomoni mwa nani?"

"Mwangu."

"Una mimba?"

"Sina."

"Vua mkufu. Panda hapo mezani."

Meza ilikuwa ya baridi. Fundi alilala kama alivyoambiwa, macho yakimtafuta Chiriku nyuma ya kioo, kwa kuwa bado hakuamini ile picha ya kwanza. Mashine ikaguna. Mama Mdogo akamwita aje aone.

Pini ilikuwa pale, nyeupe, imenyooka, katikati ya kivuli cha tumbo.

"Hii ni ya nani?" Fundi aliuliza. "Ni picha yangu? Una hakika si ya mtoto?"

"Ni yako. Na si jambo la mchezo, inaweza kukutoboa. Itabidi itolewe kwa mpira wa kupitishwa kooni, leo hii."

Lakini Fundi hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameketi sakafuni, anacheka, analia, anamshukuru Mungu kwa sauti, huku amemkumbatia Chiriku aliyekuwa akiuliza kama sasa wanaweza kwenda kula.

Mama Mdogo alisimama juu yao na picha mkononi.

"Jioni yote hii," alisema polepole, "hukujiwazia wewe hata mara moja?"

Fundi aliinua uso uliolowa. "Kuwaza nini?"

Mama Mdogo akaenda yeye mwenyewe kumwita daktari, mbio, viatu vikigonga sakafu ukumbi mzima.