Nathanael Mwandu Apite Mbele

Msimu mzima wa ligi ya vyuo, mwaka ule wa tisini na sita, mashabiki wa Chuo cha Ualimu Nsimbwe ungeweza kuwakalisha kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Alikuwepo Specioza mpishi, aliyekuja na sinia lake ili achambue mchele huku akitazama mpira. Alikuwepo mlinzi, na mbuzi wa mlinzi. Mbuzi ndiye hakukosa hata mechi moja.

Vyuo vyenyewe vilikuwa vinne tu, ualimu, kilimo, ufundi na mifugo, vyote vidogo, vyote vimetawanyika kandokando ya Mpanda kama vibanda vya kulindia ndege. Vijana wa Nsimbwe walikwenda ugenini kwa miguu, wakarudi kwa miguu, wakafua jezi zao wenyewe kwa sabuni ya kipande. Golini alisimama Nathanael Mwandu, mwanachuo wa mwaka wa pili, mtoto wa wafugaji wa Mwamkulu. Katika mechi sita alifungwa mabao matatu. Moja kati ya hayo liliingia wakati amegeuka kumfukuza ndama uwanjani, na hilo mpaka leo analikataa.

Nsimbwe wakamaliza wa pili, wakaingia kwenye mtoano. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Mkuu wa chuo, Mwalimu Maximilian, ambaye msimu mzima alikuwa akiuita mpira "yale mambo yenu", alisimama mbele ya gwaride la asubuhi akatangaza kwamba yeye na mpira ni damu moja tangu utotoni. Siku hiyohiyo zikaundwa kamati. Ikaundwa Kamati ya Ushindi, ikaundwa Kamati ya Mapokezi, na ikaundwa Kamati ya Chakula cha Kamati, ambayo ndiyo pekee iliyofanya kazi kwa bidii. Walimu ambao hawakujua mpira una dakika ngapi wakaanza kubishana kuhusu mfumo wa uchezaji mpaka chai inapoa.

Nathanael alifurahi, asijue yajayo. Alikuwa na sababu yake. Baba yake, mzee Mwandu, alikuwa hajawahi kukanyaga Nsimbwe. Mzee alikuwa ameuza dume lake la kulimia, lile jekundu, ili kijana aingie chuo, na tangu hapo majirani wa Mwamkulu walikuwa wakimuuliza huo ualimu unaonekanaje, naye hana la kujibu. Sasa alikuwa ametuma salamu: Jumamosi ya mtoano anakuja na baiskeli, amwone mwanaye chuoni kwa macho yake. Nathanael hakutaka kingine duniani. Alitaka mzee amkute amesimama golini, watu wanaliita jina lake, basi.

Jumatano jioni akaitwa mbele ya Kamati ya Ushindi.

"Nathanael," Mkuu akaanza kwa sauti ya msibani, "umetutumikia vizuri. Sasa kamati imeona timu iimarishwe."

Aliyeletwa kuimarisha alikuwa amekaa pale pembeni anakula karanga za kamati. Aliitwa Maduhu, kuli wa stesheni ya reli, mrefu kuliko mlango, golikipa wa timu ya mtaani kule Makanyagio. Mamluki, kwa neno lake halisi. Kila chuo kililaani mamluki kwa barua, na kila chuo kilikuwa naye.

"Ila orodha ya majina ilishafungwa tangu Machi," Nathanael akasema.

"Ndiyo maana majina hayabadiliki," Mkuu akajibu, kama anafafanua jambo dogo kwa mtoto. "Watakaobadilika ni watu. Maduhu atakuwa Nathanael Mwandu. Wewe utakuwa Damiano."

Damiano alikuwa golikipa wa akiba aliyeacha chuo mwezi wa nne akakimbilia machimbo ya dhahabu. Jina lake lilibaki kwenye orodha, halina mtu.

Nathanael angekataa, lakini akikataa hata jezi havai, na mzee Jumamosi atamkuta wapi? Nyuma ya jiko, na Specioza? Akakubali kuwa Damiano. Akajiambia huenda Maduhu ataumia kidole.

Kumbe chuo cha ufundi, waliopangwa kucheza nao, walikuwa wameshanusa. Wakakata rufaa, wao wenye mamluki wanne, wakidai Nsimbwe wamechomeka watu. Chama cha mpira kikamtuma mkaguzi kutoka Sumbawanga, bwana mmoja aitwaye Yotham, mwenye mkoba mweusi na mhuri wake ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa vyuo vya ualimu alikuwa na kipimo chake, na alikijivunia sana. Hakuuliza vitambulisho, maana vitambulisho vinaghushiwa. Alimpa kila mchezaji chaki, akamwingiza darasa la tatu la shule ya mazoezi, akamwambia afundishe dakika kumi. Mwalimu, alisema, hafichiki mbele ya watoto.

Mkuu alipozipata habari hizo akamkabidhi Maduhu kwa Mwalimu Immaculata, mkufunzi wa mbinu za ufundishaji, siku mbili usiku na mchana. Immaculata alikwenda analalamika kwamba haya ni aibu, akarudi kimya, akasema tu kwamba huyo kuli angekuja chuo miaka mitano iliyopita angemwachia kiti chake.

Jumamosi asubuhi ukaguzi ukaanza. Maduhu akaingia darasani, akavua kofia, akawatazama watoto kama anavyotazama shehena.

"Behewa lina magunia kumi na mbili ya tumbaku," akasema. "Nimeshusha matano, mgongo unaniuma, nimekaa chini. Nani atanishushia yaliyobaki, na ni mangapi?"

Watoto wakasimama wote. Wakashusha magunia ya hewa, wakayapanga ukutani, wakayahesabu, wakayarudisha, wakayashusha tena. Hesabu za kutoa zilizokuwa zikiwaliza tangu Januari zikawaingia kwa dakika kumi. Yotham alicheka mpaka akafuta machozi. Akaandika kwenye fomu: Nathanael Mwandu, mwanachuo halali, alama tisini. Akapiga mhuri, kisha akaupuliza ukauke.

Akaitwa Damiano. Nathanael akaingia na chaki yake. Alikuwa fundi wa kufundisha, siyo uongo, Immaculata mwenyewe alimpa alama za juu mwaka uliopita. Lakini jaribu wewe kufundisha kwa jina la mtu aliyekimbilia machimboni. Aliandika kumi na mbili ubaoni, akageuka kwa watoto, na dirishani akaona kofia ya baba yake.

Mzee Mwandu alikuwa amefika mapema. Baiskeli ameiegemeza ukutani, fuko limefungwa kwenye keria, uso umejaa furaha ambayo kijana hajawahi kuiona kwake. Mzee akaingiza kichwa ndani kabisa.

"Nathanael, ng'wanawane! Kumbe ndiyo hivi!"

Yotham akageuka polepole.

"Mzee, huyu unamwita nani?"

"Mwanangu. Nathanael Mwandu."

"Nathanael Mwandu ameshafundisha hapa," Yotham akasema, akigonga fomu kwa kidole. "Ana alama tisini. Huyu ameandikwa Damiano."

Mtu mwenye akili za kawaida hapo angejiuliza maswali mawili matatu. Lakini fomu ilikuwa imeshapigwa mhuri, na chini yake palikuwa na maandishi kwamba haitakiwi kufutwa wala kusahihishwa. Kwa Yotham, basi, kosa lisingeweza kuwa kwenye fomu. Lilibaki liwe kwa mtu. Akamwita Mkuu.

"Mkuu, kijana huyu unamfahamu?"

Mwalimu Maximilian alimtazama Nathanael. Alikuwa amekula naye Pasaka meza moja. Mwezi uliopita alimtuma kumchotea maji nyumbani kwake, akamshukuru kwa kumpigapiga begani. Akalitazama dirisha, akaitazama fomu, akafikiria kombe.

"Simfahamu," akasema.

Yotham akaandika: si mwanachuo, asionekane eneo la mchezo. Mhuri ukapigwa tena, puu.

Nathanael alitaka ardhi impokee. Aliweza kuvumilia ya Mkuu. Kilichomtesa ni uso wa baba yake. Mzee alikuwa ameingia mpaka mlangoni, akaiangalia ile karatasi kwa muda mrefu. Kusoma hakujua, lakini mhuri aliujua vizuri. Alipohama na ng'ombe kutoka Maswa, kila kizuizi njiani walimwambia ng'ombe asiye na karatasi si wako, hata kama umemzalisha kwa mikono yako.

"Kwa hiyo Nathanael Mwandu ni yule mrefu aliyetoka humu sasa hivi," mzee akauliza.

"Ndiye," Yotham akajibu.

"Na mhuri umepigwa."

"Umepigwa, mzee."

"Haya," akasema mzee Mwandu, akatoka, akaenda kukaa uwanjani. Hakumtazama mwanaye hata mara moja. Nathanael akajua sasa mzee anaamini kwamba miaka miwili alikuwa akidanganywa, kwamba dume jekundu lililiwa bure. Akaenda kusimama nje ya wigo wa michongoma, kwenye jua, analia kama mtoto na hajali nani anamwona.

Mechi ilichezwa. Sitaificha sifa ya mtu: Maduhu alidaka. Alidaka ya juu, alidaka ya chini, na zilipofika penalti akapangua tatu. Kipaza sauti cha chuo kikapiga kelele, "Nathanael Mwandu! Nathanael Mwandu!" na walimu waliokuwa hawajui dakika za mpira wakagaragara kwenye vumbi na suti zao. Nje ya wigo mwenye jina alilisikia kila lilipoitwa.

Mgeni rasmi, afisa kutoka mkoani, akasimama kutoa blanketi la mchezaji bora. Kisha likamjia wazo, kama mawazo yanavyowajia wageni rasmi wakishashiba.

"Nimeambiwa mzazi wa kijana huyu yupo hapa. Nathanael Mwandu apite mbele, pamoja na mzazi wake."

Mkuu alitafuta pa kuangalia. Maduhu akapita mbele. Na mzee Mwandu akainuka, akakung'uta suruali, akapita mbele naye. Akapokea blanketi, akamshika Maduhu mkono mbele ya watu wote.

"Nashukuru," akasema kwenye kipaza sauti. "Nilitoa dume langu la kulimia ili Nathanael asome. Leo nimeonyeshwa karatasi, nimeonyeshwa na mhuri, kwamba Nathanael ni huyu. Mimi karatasi siipingi. Ila mpunga umeiva kule Mwamkulu na mikono haitoshi. Kwa hiyo mwanangu namchukua leo hii. Chuo atarudi tukimaliza kuvuna."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mkuu hakucheka. Fainali ilikuwa Jumatano. Akamsogelea mzee, akamnong'oneza sikioni akitabasamu kwa ajili ya mgeni rasmi.

"Mzee wangu, huyu si mwanao. Unajua kabisa."

Mzee Mwandu akamsogezea kipaza sauti.

"Sema hapa, Mwalimu. Ulivyosema asubuhi ulisema kwa sauti."

Mkuu akakishika kipaza sauti. Akamtazama mgeni rasmi, akamtazama Yotham na mkoba wake, akatazama Kamati ya Chakula cha Kamati iliyokuwa tayari imechinja. Alikishika muda mrefu mpaka kikaanza kupiga mluzi. Akamrudishia mzee.

"Haya, twende, mwanangu," mzee akamwambia Maduhu.

Na Maduhu, ambaye alikuwa amelelewa kwao asimbishie mtu mzima mbele ya watu, akajibu, "Ndiyo, baba," akaenda. Wiki mbili hakuonekana stesheni. Inasemekana alinenepa, maana kwa mzee Mwandu ugali haukosi maziwa.

Baiskeli ilipofika kwenye wigo, mzee akasimama. Nathanael alishusha macho, akisubiri maneno makali. Mzee akafungua fuko la kwenye keria, akamwekea mikononi. Lilikuwa limejaa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kama vile mama yake anavyokausha, vyembamba.

"Mama yako Kabula kasema nimpe mwanafunzi wake," mzee akasema. "Nimekuona ukiandika ubaoni. Mwandiko wako ni mzuri. Soma." Akaendelea na safari, Maduhu akisukuma baiskeli kwenye mchanga.

Jumanne jioni Mkuu alikwenda bwenini mwenyewe, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Alikuwa na glovu mkononi, mpya. Yotham alishapanda gari kurudi Sumbawanga, akasema Mkuu, na fainali ina mkaguzi mwingine asiyemjua mtu. Golini hapana mtu zaidi ya karani wa stoo.

"Nathanael," akaita.

Nathanael alikuwa amekaa kitandani anatafuna michembe, daftari la maandalio ya somo liko mapajani. Fainali aliitaka. Aliitaka mpaka viganja vilimwasha, na kuziona zile glovu kulimuuma kuliko alivyotegemea. Akatafuna, akameza.

"Nathanael, nakuita."

"Nathanael alichukuliwa na baba yake Jumamosi, Mkuu," akasema. "Ulikuwepo. Wewe ndiye ulikuwa umeshika kipaza sauti."