Chungwa la Wakili

Darasani kwangu kulikuwa na sheria moja tu: mimi nachora, wanafunzi ndio wanaofuta. Nilikuwa nachora ubaoni ulimwengu kama watu wa kale walivyoujua, dunia katikati, jua, mwezi na nyota zikiizunguka, kisha nawaambia wautetee hadi mmoja wao aubomoe kwa hoja. Huyo ndiye hushika dasta.

Jumatatu Wakili aliutetea kikweli. Jina hilo wenzake walimpa kwa ubishi wake. "Mwalimu, kama dunia ndiyo inayokwenda, mbona nikirusha jiwe juu halianguki nyuma yangu?" Darasa zima likapiga meza. Jibu nilikuwa nalo, lakini nikawaambia walitafute wenyewe hadi kesho.

Kumbe mkuu wa masomo alikuwa dirishani. Aliingia bila hodi, akautazama mchoro, akaniuliza nimeanza kuchanganyikiwa lini. Kabla sijafungua mdomo alikwisha kushika dasta, akafuta nyota zote mbele ya watoto.

Damu ilinichemka. Nilimfuata hadi ofisini kwake.

"Mtihani utauliza dunia inazunguka nini, basi," alisema, miguu kaipandisha juu ya kiti cha wageni. "Wewe unawapotezea muda na ujinga wa watu wa kale."

"Hawakuwa wajinga! Walitazama juu wakafikiri. Watoto wasipojua wale wa kale walikosea wapi, watajuaje kama sisi tumepatia?"

"Punguza jazba, dada."

Dada! Ningekuwa dada yake ningemfunza adabu tangu utotoni. Jioni hiyohiyo kipindi changu akapewa bwana mmoja anayefundisha kwa imla, anayesoma mpaka nukta na mkato.

Kesho yake nilipita nje ya darasa lile, nikasimama.

"Dunia hulizunguka jua, nukta," bwana yule alikuwa akisoma. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama isipokuwa cha Wakili. Mkono wake ulikuwa juu, na mbele yake kulikuwa na chungwa.

"Toa tunda hilo. Hapa sokoni?"

"Mwalimu, ni kuhusu lile jiwe la jana..."

"Jiwe halimo kwenye mtihani. Andika."

Akalitia chungwa mkobani, akaandika.

Nilimsubiri langoni baada ya masomo. Nikamuuliza alitaka kusema nini.

"Asubuhi nilirusha chungwa juu ndani ya basi, basi liko mbio," alisema. "Halikubaki nyuma. Lilinirudia mkononi. Linakwenda pamoja na basi, Mwalimu, kama jiwe na dunia."

"Ndilo jibu lenyewe, mwanangu! Umewaambia wenzako?"

Alilitoa lile chungwa, akaanza kulimenya.

"Ya nini, Mwalimu? Ubao si umeshafutwa."