Kutu ya Treni Isiyofika

Jumamosi asubuhi Akolong alikuwa amechuchumaa nyuma ya duka la kinyozi la Mwongera, akikwangua masizi chini ya sufuria kwa kijiko na kuyachunga kwa kichujio cha chai. Sufuria ilikuwa ya mama yake, na mama yake alikuwa bado anaitafuta. Kando yake Huqa alikuwa akisaga kipande cha tofali. Upepo ulikuwa ule wa Isiolo usiomwacha mtu akae na kofia, na kila ulipopiga Huqa aliukinga unga wa tofali kwa tumbo lake, kwa sababu tumbo alikuwa nalo.

"Treni bila kutu ni uongo," Akolong alisema.

"Na hii yetu imepata kutu wapi? Haijafika hata kituo cha kwanza."

"Ndio maana tunaisaidia."

Ndani ya stoo ya Mwongera, juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye mapipa, kulikuwa na mji wa Isiolo na treni yake. Reli zilikuwa spoki za baiskeli. Mabehewa yalikatwa kutoka mikebe ya mafuta ya kupikia, na kichwa cha treni kilisukumwa na mota iliyotolewa kwenye DVD iliyokufa, ikila umeme wa betri ya bodaboda. Mlima Kenya ulikuwa magazeti na uji, na kileleni kipande cha godoro. Mimea yote ilitoka kwa Mwongera. Vichaka vya njia ya kwenda Garbatulla vilikuwa nywele za wateja zilizotiwa rangi ya kijani. Nyasi kavu zilikuwa mvi za wazee wa mtaa, nazo hazikuhitaji rangi.

Klabu ya Reli Ndogo ilikuwa na wanachama watatu, na kati yao wenyeviti wawili. Mwongera alikuwa mwenyekiti kwa sababu stoo ni yake. Huqa, aliyeuza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa mwenyekiti kwa sababu rangi ni yake, au angalau ya tajiri wake. Akolong, fundi wa nguo, hakuwa na cheo, kwa hivyo ndiye aliyeamua kila kitu.

Sheria ya klabu ilikuwa moja: hakuna kubuni. Reli ilifuata bikoni, zile nguzo fupi za wapimaji. Popote wapimaji walipochimbia bikoni ya simiti kwa ajili ya ile reli kubwa iliyoahidiwa, klabu ilichomeka kijiti cha kiberiti kilichopakwa rangi nyeupe. Kijiti kimoja kilisimama uani kwa Sabdio, mwuza maziwa wa mtaa wa Chechelesi, kati ya jiko na rundo la mawe.

Sabdio mwenyewe aliingia wakati huo na mtungi wa maziwa ya ngamia.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, Mama Zeinab. Keti," Mwongera alisema, akimzungushia kiti cha wateja.

"Sina makalio ya kuketi leo."

Sabdio hakuwa ameketi kwa muda mrefu. Lile rundo la mawe uani kwake lilikuwa la kujenga chumba cha pili. Siku bikoni ilipochimbiwa, aliambiwa asiongeze hata jiwe moja, treni inakuja. Tangu hapo kuku walikuwa wametaga na kulea humo mpaka wakaamini mawe ni yao. Sasa binti yake Zeinab, aliyeolewa Garbatulla, alikuwa na mimba kubwa, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Mumewe alikuwa mbali na ngamia. Nyumba ya Sabdio ilikuwa chumba kimoja, na ndani yake alilala yeye, mama yake mzee na mitungi ya maziwa. Zeinab alipiga simu kila siku kuuliza kama chumba kimesimama. Sabdio alijibu akitembea, kana kwamba akisimama Zeinab ataona mawe.

Akawamiminia maziwa vikombeni. Akolong, aliyekuwa amerudi ndani na Huqa, alikuwa ameshika behewa la daraja la tatu, paa likiwa wazi, akilizeesha jinsi alivyojifunza kwa video za wazee wa Ulaya wenye pensheni. Alipaka unga wa tofali kwenye kona ambapo maji hukaa, akapuliza masizi juu ya mlango, kisha kwa sindano akachora michubuko ya pembe za mbuzi chini ya madirisha. Huqa alinyunyiza vipande vya miraa sakafuni. Dirisha moja walilipinda kidogo, lisifunge.

Tone la maziwa likadondoka ndani, juu ya kiti cha pembeni.

"Pole," Sabdio alisema. "Lakini liacheni. Hapo ndipo nilikuwa nakaa. Na hilo dirisha hata wakati ule lilikuwa halifungi, vumbi yote ya Garbatulla inaingia machoni."

Akaendelea kumimina. Huqa alikunywa maziwa. Akolong alikausha doa kwa kupuliza, akaona limekaa vizuri, lina ule ukahawia wa moshi wa mtungi.

Jioni hiyo treni yote ilikuwa na kutu. Jumapili watu wa Isiolo walianza kuikumbuka.

Ilianza kwa wazee waliokaa nje ya msikiti wakibishana kama treni ilikuwa ikisimama Chechelesi au ikipunguza mwendo tu. Mmoja alisema ilisimama, na akakunja suruali kuonyesha kovu la mlango. Mwuza nyama mmoja alianza kulalamika kuhusu koti lake zuri alilolisahau chini ya kiti. Mama mmoja wa Rapsu alifika mjini na vitunguu, akamuuliza kila mtu wapi ofisi ya mizigo iliyopotea, maana alimpakia jogoo na hakumwona tena. Ekuam, bawabu wa benki, alifungua sanduku lake akakuta koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Akalivaa kwenda kazini. Likambana, kwa kuwa alikuwa amenenepa tangu astaafu reli.

"Tulikuwa tunadandia hiyo kitu bila tiketi," vijana wa bodaboda walisema, ingawa mkubwa wao hakuwa na ndevu. "Ilikuwa noma. Saa hii maisha imekuwa ngumu."

Kwa Mwongera wateja walinyolewa wakisimulia. Mwongera aliwanyoa akikumbuka na yeye, kwamba alinyoa mtu kwenye treni inayotembea na akamkata sikio.

"Tumezeesha sana," Huqa alisema.

"Hakuna kuzeesha sana," Akolong alisema. "Kuna kuzeesha vizuri."

Jumatatu Sabdio alisikia yote hayo akiwa sokoni na mitungi yake, na jambo moja likamtembea kichwani. Waliposema treni inakuja, alizuiwa kujenga. Sasa treni ilikuja, ikafanya kazi, ikaisha, watu wana makovu. Basi ploti imeachwa huru. Alifunga mitungi mapema, akampitia Huqa kazini kwake, akamshika mkono wa shati mpaka ofisi ya ardhi ya reli.

Ofisini walimkuta Regina, msimamizi wa zile bikoni, ambaye alikuwa mwanamke mpole, na hilo ndilo lilikuwa gumu naye.

"Habari, mama. Karibu."

"Nzuri. Binti yangu, mimi ni yule wa bikoni Chechelesi. Nimekuja kusema nataka kujenga."

"Chechelesi!" Regina alitabasamu. "Nilikuwa napita hapo kwa treni nikienda kuona mama yangu. Nilipenda kukaa nikiangalia nyuma. Kulikuwa na jiko la kuni karibu na reli, moshi wake unaingia ndani."

"Ni langu."

"Jiko zuri."

"Sasa treni si imeisha?"

"Imeisha, mama. Ilifanya kazi yake vizuri sana."

"Basi nijenge."

Regina aliweka mikono juu ya meza. "Hapo ndipo kuna shida. Mahali reli imepita panabaki pa reli. Panalindwa. Mtu hawezi kujenga juu ya kumbukumbu ya watu."

Huqa alikohoa. Sabdio aliinama karibu na meza.

"Haijafika, niko njiani. Imeshapita, bado niko njiani?"

"Ndio hivyo, mama."

"Na ni mahali gani mtu hayuko njiani?"

Regina alifikiri kwa uaminifu. Kisha akasema swali hilo si la idara yake, akawasindikiza mpaka mlangoni.

Sabdio alirudi kwa kinyozi bila kumsubiri Huqa, ambaye tumbo lilimchelewesha. Akasimama mbele ya mji wa Isiolo juu ya mlango wa zamani.

"Ondoeni hiyo kutu."

"Mama Zeinab," Akolong alisema, "hiyo ni kazi yangu nzuri kuliko zote. Nguo ninashona tu nile."

"Wakati ilikuwa inakuja, nilikuwa nangoja. Mtu anayengoja anaweza kuuliza tena kesho. Sasa nitauliza nini? Iondoeni."

Akolong alimtazama, kisha akatazama simu mkononi mwa Sabdio, iliyokuwa ikiita. Ilikuwa Zeinab. Akachukua mswaki wa zamani.

Walisugua kwa sabuni ya unga na mafuta ya taa, kisha Huqa akapaka rangi mpya, nyekundu ya kung'aa iliyomfanya Akolong ageuze uso. Kadiri behewa lilivyong'aa, ndivyo mji ulivyosahau. Mwuza nyama alinyamaza kuhusu koti. Yule mzee alikunja suruali, akakuta mguu mtupu, akaikunjua. Ekuam alirudi nyumbani na shati tu, akamgombeza mkewe. Mama wa Rapsu aliuza vitunguu vyake, akaenda zake, bila kujua kwa nini kila akisikia jogoo anageuka. Vijana wa bodaboda walisema treni ikifika watakuwa wa kwanza kudandia.

Regina alipoona Sabdio amerudi, alisema, "Habari mama, karibu," kama mtu asiyemjua. Akamwambia avumilie kidogo, asiongeze hata jiwe moja, treni inakuja.

Lakini behewa moja halikukubali kusafika. Lile la daraja la tatu walilisugua mpaka mswaki ukaisha nywele, na doa la maziwa likabaki, na kuzunguka doa kutu ikabaki. Huqa alitaka kulipaka nyekundu juu kwa juu.

"Ukiliguza nitakutia sindano," Akolong alisema.

Halingeweza kurudi kwenye treni mpya, lingeharibu sura. Akolong alitafuta mahali pa kuliweka likauke, akaliegesha pale pale juu ya mlango wa zamani, uani kwa Sabdio, kati ya jiko na kile kijiti cha kiberiti. Wakafunga stoo. Mwongera bado alikuwa akibishana na Huqa nani mwenyekiti.

Asubuhi Sabdio alitoka kuwasha moto akakuta behewa la daraja la tatu limesimama uani. Lilikuwa refu kuliko nyumba yake, na magurudumu yalikaa vumbini bila reli yoyote. Kuku walikuwa wameshahamia chini yake. Michubuko ya pembe za mbuzi ilikuwa chini ya madirisha, na dirisha la pembeni halikufunga. Sabdio alifagia kulizunguka kwanza, kisha akapanda akafagia ndani, akatoa miraa. Alipofika kwenye kiti chenye doa alipitisha mkono juu yake, akampigia simu Zeinab.

"Njoo. Kuna mahali."

"Umejenga?"

"Nimesema kuna mahali."

Zeinab alifika kwenye lori la mbuzi, miguu imevimba, akalitazama behewa akauliza kama lina choo. Mama mzee alihamia humo siku hiyo hiyo, akachagua kiti cha mbele ili afike mapema. Akolong alikuja kuangalia kutu yake kwa ukubwa huo. Alizunguka mara kadhaa, akasema kona moja ingetaka masizi zaidi, akashona mapazia.

Mtoto alizaliwa adhuhuri, upepo ukipiga bati. Alikuwa msichana, na vumbi la kwanza alilolijua liliingia kwa lile dirisha.

Regina alikuja kabla kitovu hakijakauka, na kamba ya kupimia. Alikuwa amesikia kuna mtu anajenga Chechelesi.

"Mama, si tulikubaliana hata jiwe moja?"

"Mawe ni yale pale. Waulize kuku."

Regina aliangalia mawe. Akaangalia bikoni. Akainama, akagusa gurudumu.

"Hili si jengo. Ni behewa."

"Ni behewa."

"Behewa kwenye ardhi ya reli halina shida." Alionekana kufurahi, kwa kuwa hakupenda kuwasumbua watu. Alipanda, akamwona mtoto, akasema ni mzuri, na kwa muda akakaa kwenye kiti kinachoangalia nyuma, kama mtu anayetaka kukumbuka kitu. Kisha akasimama. "Ila ni mali ya reli. Mnaweza kukaa mpaka treni iondoke."

"Inaondoka lini?"

"Hiyo hatujaambiwa."

"Inakwenda wapi?"

"Pia hiyo, mama. Lakini mjiandae."

Akakunja kamba yake, akaruka bikoni kwa uangalifu, akaenda.

Mji ulizoea. Wateja wa maziwa sasa huja dirishani, na wengine huuliza kama kuna nafasi. Mwongera hupita Ijumaa kumnyoa mtu yeyote anayetaka, na hushika masikio yao kwa uangalifu ambao hajui ameutoa wapi. Kwenye stoo treni nyekundu huzunguka Isiolo, mpya kabisa, na kila ikifika kwa Sabdio hupunguza mwendo.

Sabdio hajafungua furushi la nguo alilolifunga siku ile Regina alipokuja. Honi ya lori ikilia barabara ya Moyale, humchukua mtoto na furushi, husimama mlangoni, mguu mmoja ngazini, husikiliza. Lori likishapita hurudi ndani, hukaa, lakini pembeni tu ya kiti.