Igonge Mara Tatu

Chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini shangazi alinisemea kwa meneja hadi nikapewa kazi. Kampuni yetu ya udobi ina matawi matatu, na mimi nasimamia ukurasa wa simu ambamo wafanyakazi wanaandikiana wanachokijua. Doa la kutu linatokaje, shuka za hospitali zinakunjwaje. Wiki mbili nzima, kimya. Hakuna aliyeandika hata nukta.

Nikachokoza: "Pasi ya mvuke ikigoma, igonge ubavuni mara tatu, uiamkie, ndipo uiwashe."

Weee! Watu arobaini na mmoja wakabonyeza "imenisaidia." Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Leo asubuhi kicheko kikanikauka. Chini ya maneno yangu mtu kaongeza: "Ikizidi kugoma, gonga koki ya mvuke kwa nyundo." Na chini yake, shangazi, kutoka tawi la pili: "Asanteni. Yangu imenuna tangu jana. Ngoja nitafute nyundo."

Koki ile ikikatika, mvuke unamchuna mtu uso.

Nikaandika "Usigonge!" Hajasoma. Nikapiga simu. Haipokelewi. Nikajaribu kufuta yote, ukurasa ukadai idhini ya meneja, na meneja yuko mkutanoni. Nikakaa. Nikasimama. Nikapiga tena. Mara nikajikuta barabarani natimua mbio kuelekea tawi la pili, kitambulisho kinanichapa kifuani.

Nilimkuta nyundo iko juu.

"Shangazi, weka chini!"

"We mtoto, unakimbizwa na nani?"

"Hiyo ya kugonga nimeitunga mimi. Utani tu. Ya nyundo kaongeza mwingine, sijui nani."

Wapigapasi wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Yaani tangu jana naiamkia mashine, shikamoo, shikamoo, kumbe naamkia upuuzi wako?"

"Nisamehe."

Akazima pasi. Akaitazama koki, kisha mikono yake. "Andika sasa hivi. Na jina lako lote."

"Watanifukuza, shangazi."

"Mimi ningeungua."

Kidole kikateleza kwa jasho. Nikakosea, nikafuta, nikaanza upya: "Msigonge kitu. Zimeni, muiteni fundi. Ile ya mara tatu ni uongo wangu." Nikaweka jina. Nikatuma.

Dakika haikuisha, simu ikalia. Meneja.

Ikalia. Ikaendelea kulia.

"Pokea," shangazi akasema, akivuta stuli karibu yangu. "Mimi siondoki hapa."